Mabenchi ya Kutazamana

Mwezi wa Machi mwaka 1995, Mwalimu Eucabeth Bosibori alipanga upya mabenchi ya ukumbi wa kanisa mjini Migori, na kwa siku tatu nzima aliamini kwamba amefanya kazi nzuri.

Ukumbi ulikuwa wa Wasabato. Sufuria mbili kubwa zilikuwa za akina mama Wakatoliki wa ng'ambo ya barabara, na omena, dagaa wa ziwani, waliletwa kutoka Muhuru Bay na wachuuzi waliotoa sadaka ya gunia moja kila wiki mbili. Mzee Bichage, mzee wa kanisa aliyeshika funguo, alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba samaki asiye na magamba hatapikwa katika uwanja ule. Akaambiwa omena ana magamba. Akavaa miwani, akamchukua mmoja, akamgeuzageuza juani, hakuona kitu. Akavua miwani akasema, "Kama Waluo wenyewe wanasema yapo, basi yapo." Watu wakala.

Walikuja kila siku saa saba mchana: vibarua waliokosa kazi, wajane, wazee waliolala kwenye baraza za maduka, na watu wa mpakani ambao ng'ombe wao walikuwa wameibwa na nyumba zao kuchomwa. Jumamosi, kwa kuwa Wasabato hawakuwasha moto, sufuria zilivuka barabara na Wakatoliki wakapika uwanjani kwao. Hakuna aliyeulizwa dini wala kabila. Eucabeth mwenyewe ndiye aliyeweka sharti hilo, kwa sababu aliona maswali ya namna hiyo yanachelewesha foleni.

Alikuwa amefundisha upishi katika shule ya wasichana kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Alijua debe moja la unga linatoa sahani ngapi, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaokoa kuni kiasi gani. Neno "nadhani" hakulipenda. Risper, mpishi wake, mwanamke wa Homa Bay mwenye mikono minene na ulimi usiolala, hakuchoka kumchokoza.

"Mwalimu, leo chumvi umehesabu punje?"

"Nimepima kwa kijiko. Wewe ndiye unayepima kwa macho."

"Macho haya yamelisha watoto sita, yawa, na hakuna aliyekufa kwa chumvi."

Mabenchi yalipangwa upya kwa sababu ya chakula kilichotoka mlangoni. Watu walikuwa wakifunga ugali kwenye karatasi na kuuficha ndani ya nguo. Baadhi waliwapelekea wagonjwa wao; hao Eucabeth aliwatengea bakuli zenye mfuniko. Baadhi waliubadilisha kwa pombe ya busaa nyuma ya soko, na hao ndio waliomkera. Awali mabenchi yote yalielekea mbele, kama wakati wa ibada, kila mtu akitazama kisogo cha mwenzake. Jumatatu moja aliyageuza yakawa mawili mawili, yanatazamana, magoti kwa magoti. Mtu anayetazamwa usoni hawezi kutia ugali kwenye koti.

Matokeo yalionekana siku ile ile. Hakuna hata tonge moja lililotoka nje. Jumanne, waliokula walipungua kutoka tisini na sita hadi themanini na watano, na Jumatano idadi haikupanda. Hilo nalo Eucabeth alilielewa bila shida: waliotoweka ndio waliokuwa wakinunua busaa kwa ugali.

"Hesabu haisemi uongo," alimwambia Risper.

"Haisemi kitu," Risper akajibu huku akikwangua sufuria. "Inanyamaza tu. Wanaosema ni sisi."

Mmoja wa waliotoweka alikuwa Werema, Mkuria wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkimya, aliyekondeana hadi mabega yake yakafanana na kiango cha nguo. Alikuwa na kifua kikuu. Dawa zake zilitakiwa kumezwa kila siku mbele ya shahidi kwa miezi miwili ya kwanza, na tumbo likiwa tupu alizitapika zote. Kwa hiyo Joash, tabibu wa zahanati, alikuwa amepatana na Eucabeth: kwanza sahani, kisha vidonge, naye ahakikishe vimepita kooni. Vidonge vilikaa kwenye kopo la bati juu ya kabati la jikoni. Jumatatu Werema alikaa penye nafasi aliyoonyeshwa, akashika sahani, mara akainuka akikohoa, akatoka. Sahani ilibaki imejaa. Hakurudi. Jumanne Eucabeth alisema amechelewa. Jumatano alisema ni mlevi.

Alhamisi Joash akaja mwenyewe kwa baiskeli, akachungulia ndani ya kopo.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya Werema. Hajaonekana tangu Jumatatu. Sikujua kwamba anakunywa."

"Werema hanywi, Mwalimu. Nimempima ini mara mbili." Joash akavihesabu kwa kidole. "Siku tatu, na leo ya nne. Akifikisha wiki itabidi nimwanzishe upya, na sindano juu. Hapo sina hakika tena kwamba dawa zitamsikia. Na lile pafu moja lililobaki halina nafasi ya kurudia darasa."

Aliondoka bila kulaumu, na hilo lilimwingia Eucabeth zaidi kuliko lawama. Alikuwa ametoa hukumu bila ushahidi. Kama mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemrudishia daftari.

Saa tisa, vyombo vilipokwisha kuoshwa, yeye na Risper walimkuta Werema penye malazi yake, barazani pa ghala la tumbaku lililofungwa, karibu na daraja la mto. Alikuwa ameketi juu ya gunia, blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa kali.

"Kifua kinasemaje?" Eucabeth akauliza.

"Kipo, Mwalimu."

"Leo umekula nini?"

"Maji."

"Maji hayaliwi."

"Ndiyo maana nimeyanywa."

Risper akacheka peke yake. Eucabeth akachuchumaa ili macho yao yalingane. "Sikuja kukugombeza. Nataka kujua sababu. Mbona huji?"

Werema aligeukia mto. "Pale ukumbini kuna mtu," akasema.

"Mmegombana?"

"Hapana."

"Amekutukana? Amekuibia?"

"Aka! Huyo haibi. Ni mtu mzuri sana."

"Basi mbona unamkimbia mtu mzuri?"

"Simkimbii," alisema Werema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Namheshimu."

Kisha akavuta blanketi, akajifunika uso.

Eucabeth alibaki amechuchumaa. Alikuwa Mgusii, na kwa lugha ya kwao jambo hilo lina jina: ensoni. Mtu na mama mkwe wake, kama vile mzee na mke wa mwanawe, hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na zaidi ya yote hawalii chakula mahali pamoja, mmoja akaona kinywa cha mwenzake kikitafuna. Angwenyi, mumewe Eucabeth, kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumeza tonge mbele ya mama yake Eucabeth. Mama alikuwa akipika, anapakua, anaweka mezani, kisha anatoka kwa mlango wa nyuma, na nyumba nzima inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Eucabeth aliliona jambo hilo tangu utotoni na hakulifikiria hata siku moja, kama vile mtu asivyofikiria sakafu anayoikanyaga. Kwa Wakuria mambo ni hayo hayo, na kwa Waluo pia.

Ndipo akaikumbuka Jumatatu, kipande baada ya kipande. Kabla ya chakula, mwanamke mzee aitwaye Robi, Mkuria wa mpakani ambaye nyumba yake ilichomwa, alikuwa amemjia na ombi.

"Mwalimu, nipe sahani yangu nikalie kule kwenye kuni."

"Kwenye kuni kuna nini, mama?"

"Kuna kivuli."

"Na hapa kuna paa."

Robi hakubishana. Alikaa, akavuta leso yake ya kijani hadi puani, akageukia ukuta. Eucabeth alidhani ni kiburi. Kisha nafasi moja tu ikabaki wazi, benchi la pili, mkabala na leso ile ya kijani, na ni yeye Eucabeth, kwa mkono wake mwenyewe, aliyemwonyesha Werema akae hapo.

"Ni yule mama wa leso ya kijani?" aliuliza.

Blanketi halikusogea. Eucabeth alilihesabu hilo kuwa jibu.

"Yawa!" Risper akapiga makofi. "Kumbe ni maro wake! Mwalimu, umemkalisha mtu magoti kwa magoti na mama mkwe, ugali katikati! Kwetu ungeitiwa wazee."

"Na wewe uliwaona. Mbona hukusema?"

"Mimi nilijuaje? Jumamosi kwetu uwanjani huyu hukaa nyuma ya mti, yule mama mbele ya mti. Nikasema basi, mwanamume anapenda mti."

Kutoka ndani ya blanketi sauti ilisema polepole, "Mke wangu alikufa mwaka juzi. Heshima ya mama yake haikufa."

Jioni ile Risper alimpelekea uji wa wimbi na vidonge, na Ijumaa mchana sahani. Dawa zilitulia tumboni. Lakini tiba ilikuwa ya miezi minane, na kanuni ya kutotoa chakula nje ilikuwa ya baraza zima la kanisa. Mtu mmoja akilishwa barazani leo, kesho watakuwa thelathini, na kesho kutwa sahani zote zitakuwa nyuma ya soko.

Ijumaa hiyo hiyo, kabla ya saa nne, Eucabeth alimkuta Robi amesimama karibu na kuni.

"Nimesikia yule mtu hakuja siku tatu," alisema Robi, macho chini. "Nimekuja kukuaga. Mimi ndiye nitaacha."

"Uende ukale wapi?"

"Mungu anajua. Yeye ana dawa. Mimi nina njaa tu."

"Kwa nini hukuniambia Jumatatu, omong'ina?" Eucabeth alimwita mama mzee kwa lugha ya kwao.

Robi alimtazama kama mtu anayetazama mtoto wa watu aliyelelewa vibaya. "Ningekuambiaje? Nisimame mbele ya watu mia, nimwonyeshe kwa kidole?"

Eucabeth aliipima kauli hiyo. Hoja ile ilikuwa sahihi.

"Usiende popote," alisema hatimaye. "Sitafuti kumpata mmoja kwa kumpoteza mwingine. Nipe hadi Jumapili."

Eucabeth na Risper walikaa jikoni wakapitia njia zilizokuwepo. Kurudisha mabenchi kama zamani: ugali utaanza tena kutoka. Kula kwa zamu mbili: kuni hazitoshi, na saa nane ukumbi ni wa kwaya. Kuwaweka Robi kona hii na Werema kona ile: macho hayana kona.

"Basi wakatie macho," alisema Risper.

"Ongea vizuri."

"Naongea vizuri. Mama yangu Homa Bay anafuma majamvi ya mafunjo, yale watu wanapigilia chini ya mabati kuzuia joto. Marefu kuliko wewe. Tundika matano katikati ya ukumbi. Milango si iko miwili? Ule wa mbele, na ule wa upande wa kuni ambao Mzee Bichage anaufunga bila sababu. Huku mtu, huku mtu. Wakitazamana wawe wamependa."

Eucabeth alipima ukumbi kwa hatua. Risper alikuwa amekosea kwa jamvi moja tu, yalihitajika sita.

Jumamosi, Eucabeth akiwa ibadani, Risper aliwaachia akina mama wenzake sufuria na vidonge vya Werema, akaenda Homa Bay, akarudi na majamvi sita yaliyokunjwa, yananuka ziwa. Jumapili asubuhi Mzee Bichage alifika akamkuta Eucabeth juu ya meza, akifunga kamba kwenye boriti.

"Mwalimu! Pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili, na wewe unalirudisha?"

"Hili ni la kula, mzee, si la kuabudu."

"Watu watasema tumewatenga. Huku nani, kule nani?"

"Mzee Bichage, nikuulize jambo moja. Wewe ulishawahi kula mbele ya mama mkwe wako?"

Mzee aliruka nyuma kana kwamba amekanyaga kaa la moto. "Mungu apishe mbali!"

"Basi shika kamba hapo, ukaze."

Akashika. Hata akaufungua mlango wa upande wa kuni, akazitia bawaba zake mafuta.

Robi naye alikuwa amefika mapema. Alisimama jikoni akimtazama Risper na mwiko wake, kisha akasema, bila kumlenga mtu, "Mkwe akija kwako, hula ulichopika wewe. Tangu nyumba yangu iungue sijasonga ugali wa mtu yeyote."

"Mwiko wangu simpi mtu," Risper akasema.

"Mpe," alisema Eucabeth.

Risper akautoa kama mtu anayekabidhi bunduki. Robi akajifunga leso kiunoni. Akachanganya unga wa wimbi na wa muhogo kwa kiganja, akiunusa mchanganyiko, akiongeza, akipunguza. Eucabeth alifungua mdomo ili amwambie kibaba kiko rafuni. Akaufunga. Mwanamke yule alikuwa akisonga kwa mgongo mzima, na ugali ulikuwa umeanza kuachana na sufuria vizuri kabisa.

Saa saba Eucabeth alisimama mbele ya foleni. "Leo kuna milango miwili," alisema. "Chakula ni kile kile. Kila mtu achague mlango wake, na asiulizwe."

Alikaa mahali ambapo aliweza kuona milango yote, akaangalia. Mzee mmoja aliingia kwa mbele, akamwona mke wa mwanawe ameketi, akageuka taratibu kama aliyesahau fimbo, akazunguka upande wa kuni. Vijana wawili walifanya vivyo hivyo. Mjane mmoja alichungulia, akahama. Kwa jumla, watu kumi na tisa walitazama kwanza kisha wakabadilisha mlango, na wote walifanya hivyo kimya, bila haraka, kana kwamba milango miwili ilikuwepo siku zote. Waliokula walikuwa tisini na wanne. Katika wale kumi na mmoja waliotoweka Jumanne, wawili tu ndio waliokosekana. Hao huenda kweli walikuwa watu wa busaa. Eucabeth hakulisema kwa sauti. Hakuwa na uhakika.

Werema alikuja wa mwisho. Alisimama kizingitini, mlango wa upande wa kuni, akalitazama jamvi kutoka juu hadi chini, na kutoka ukuta hadi ukuta. Akachungulia pembe ya chini kuona kama linagusa sakafu. Liligusa. Akaingia, akaketi, mgongo kwa jamvi.

Risper alimletea maji ya kunawa, kisha sahani. Werema akakata tonge, akalifinya, akalichovya kwenye mchuzi wa omena, akalitia kinywani. Akaacha kutafuna. Ugali ulikuwa mweusi, mzito, wenye uchachu kidogo wa muhogo, na wala si ule wa mahindi wa kila siku.

"Nani amesonga?" aliuliza.

"Mpishi mgeni," alisema Risper. "Ameninyang'anya mwiko."

Werema alikula pole pole, kwa adabu, akitazama sahani yake tu, hadi akaimaliza. Eucabeth akamletea vidonge na kikombe. Akavimeza kimoja kimoja mbele yake. Eucabeth akafungua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani. Joash alikuwa amesema robo saa. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Werema alipiga mbweu moja, akaomba radhi. Robo saa ikatimia na chakula kilikuwa bado tumboni.

Ndipo akainua uso kidogo, akamwambia Risper kwa sauti iliyozidi mahitaji ya mtu aliye hatua mbili, "Mwambie aliyepika kwamba nashukuru. Nimeshiba."

Upande wa pili wa mafunjo, mazungumzo yalipungua. Robi alikuwa ameketi na sahani yake mapajani, leso mabegani, uso wazi. Hakugeuka.

"Risper," alisema, "mtu aliyekosa chakula siku tatu hashibi kwa sahani moja. Mwambie asinidanganye. Mwongezee."

Risper alimtazama Eucabeth. Kanuni ilikuwa sahani moja kwa kila mtu, na kanuni hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Eucabeth akachungulia sufuriani. Ugali ulikuwepo wa sahani nne, na watu wote walikwisha kupata.

"Umebaki," alisema. "Mwongezee."

Werema akasogeza sahani yake mbele kwa mikono miwili.